Pima Maji na Umeme Kabla ya Bei: Somo la Kuchagua Mashine ya Kufulia ya Mlango wa Mbele

Kufua kwa mikono huchukua saa nyingi za wiki, na katika kaya nyingi saa hizo hutolewa na akina mama na wasichana. Ndiyo maana mashine ya kufulia, iliyozoeleka zaidi hotelini na hospitalini, sasa inatafutwa na kaya za kawaida, na baadhi ya vikundi vya wajasiriamali vinaitazama kama mtaji wa biashara ya udobi. Hata hivyo, chombo hiki ni ghali, na anayekinunua kwa kuangalia bei na mng'ao wake pekee anaweza kujikuta na sanduku zito la bati lisilofua.

Lengo la somo hili ni kumsaidia mkazi wa kata kuchagua mashine ya mlango wa mbele iliyo imara na inayolingana na uwezo wake. Msingi wa somo ni mmoja: mashine nafuu ni ile inayokubaliana na maji, umeme na mafundi waliopo mahali itakapofungwa. Kwa hiyo kazi ya kuchagua huanzia nyumbani, si dukani.

Namna inavyofanya kazi

Mashine ya mlango wa mbele ina pipa lililolala ubavu. Pipa linapozunguka, nguo hupandishwa juu kisha huanguka ndani ya maji kidogo yaliyo chini. Kuanguka huko ndiko kunakoondoa uchafu, na ndiyo sababu aina hii hutumia maji machache. Mashine ya kilo 7 kwa kawaida hutumia kati ya lita 40 na 60 kwa mfuo mmoja, wakati mashine ya mlango wa juu yenye mhimili wa kukoroga huweza kufikia lita 100 au zaidi. Aina ya mlango wa mbele pia hukamua nguo kwa kasi kubwa, hivyo hukauka upesi hata msimu wa mvua.

Faida hizo zina masharti yake. Mashine hii hujivutia maji yenyewe kupitia mpira uliofungwa kwenye bomba. Haikutengenezwa kujazwa kwa ndoo. Nyingi kati yake zina hita ya kupasha maji, na hita ndiyo inayokula umeme kuliko kiungo kingine chochote.

Kipimo cha kwanza: maji

Kila mashine huandikiwa kiwango cha chini cha msukumo wa maji, ama kwenye kitabu cha maelekezo au kwenye kibandiko cha nyuma. Mashine nyingi huhitaji baa 0.5, ambayo pia huandikwa MPa 0.05. Nyumba inayopata maji moja kwa moja kutoka bomba la mamlaka ya maji kwa kawaida hufikia kiwango hicho saa za mgawo. Tatizo huwa kwa nyumba zinazotegemea tangi.

Hesabu yake ni nyepesi. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa msukumo wa baa 1. Mashine inayotaka baa 0.5 inahitaji tangi ambalo usawa wa maji yake uko mita 5 juu ya mahali mpira unapoingia kwenye mashine. Tangi lililowekwa kwenye mnara wa mita 3 halifiki hapo: mpira huingia kwenye mashine kwa kimo cha karibu mita 1 kutoka sakafuni, hivyo kimo kinachobaki ni mita 2, yaani baa 0.2. Mashine itavuta maji polepole mno, itaonesha alama ya hitilafu na kusimama, na mwenye nyumba atadhani ni mbovu.

Mwenye tangi la chini ana njia tatu: kuinua mnara, kufunga pampu ndogo ya kuongeza msukumo, au kutafuta mashine iliyoandikiwa kiwango cha chini zaidi. Gharama ya mnara au pampu iongezwe kwenye bei ya mashine kabla ya kulinganisha. Kwa kaya inayochota maji kwa ndoo, jibu la kweli ni kwamba mashine ya mlango wa mbele haijawa chaguo lake. Mashine ya mapipa mawili, inayojazwa kwa mkono, itamfaa zaidi na kwa kawaida huwa na bei ya chini.

Kipimo cha pili: umeme

Umeme wa Tanzania ni wa volti 230 na mizunguko 50. Hita ya mashine huweza kuvuta karibu wati 2,000. Kwa hiyo mashine itengewe soketi yake ya ukutani, wala isichomekwe kwenye waya wa kuongezea pamoja na jokofu au pasi. Waya wa ardhi ni lazima, kwa kuwa maji na umeme vinakutana ndani ya sanduku la chuma. Ukaguzi wa nyaya ufanywe na fundi mwenye leseni ya EWURA.

Jambo la pili ni uniti za LUKU. Mteja wa matumizi madogo, aliye katika kundi la D1, hufurahia bei nafuu kwa uniti zisizozidi 75 kwa mwezi. Zinazozidi hapo hutozwa bei ya juu zaidi. Tuchukue mfano wa kaya inayotumia uniti 60 kwa mwezi, kisha inanunua mashine na kufua mara 16 kwa mwezi. Mfuo wa maji ya nyuzi 60 hutumia takriban uniti 1, hivyo kaya itafikia uniti 76 na kuvuka kikomo. Mfuo wa maji baridi hutumia takriban uniti 0.2, kaya hiyo hiyo itaishia kwenye uniti 63 na sehemu. Mashine ni ile ile, nguo ni zile zile, tofauti ni kitufe kimoja. Mnunuzi ahakikishe kwamba mashine ina programu ya maji baridi, kisha aitumie kwa nguo za kila siku. Nyuzi 60 zibaki kwa nepi, mashuka ya mgonjwa na taulo.

Kibandiko cha matumizi ya nishati kwenye mashine za soko la Ulaya nacho kisomwe kwa uangalifu. Tangu Machi 2021 daraja zake ni A hadi G. Mashine yenye alama ya A+++ ilipimwa kwa mfumo wa zamani, na haimaanishi kuwa ni bora kuliko yenye A ya sasa.

Kwa maeneo ambako umeme hupanda na kushuka, kifaa cha kulinda volti kinunuliwe pamoja na mashine. Umeme ukikatika katikati ya mfuo, mlango usilazimishwe. Mashine nyingi huendelea zilipoishia umeme unaporudi. Ikibidi, maji hutolewa kupitia chujio lililo chini mbele.

Ukubwa unaofaa

Kilo zinazoandikwa kwenye mashine ni za nguo kavu. Jinzi moja ya mtu mzima ina uzito wa zaidi ya nusu kilo. Khanga ni nyepesi mno. Kaya ya watu wanne hadi sita hutoshelezwa na mashine ya kilo 7 au 8. Mashine kubwa inayofuliwa nusu pipa ni fedha iliyopotea, na ndogo inayoshindiliwa huchakaa mapema. Mnunuzi apime pia mlango wa nyumba na mahali pa kuiweka: upana wa kawaida ni sentimita 60 na kimo sentimita 85. Sakafu iwe tambarare na ngumu, kwa sababu mashine hubeba mawe ya zege ndani ili isitikisike, na uzito wake huzidi kilo 60.

Kinachoharibika na anayekitengeneza

Uimara haupimwi kwa jina la kampuni pekee. Viungo vinavyochoka mapema ni pampu ya kutolea maji, mpira wa mlango, beringi za pipa na bodi ya umeme. Kabla ya kulipa, mnunuzi amtembelee fundi wa vifaa vya umeme wa mji ulio karibu na kumuuliza ni mashine zipi huletewa mara kwa mara, na vipuri vya zipi hupatikana bila kuagizwa mbali. Jibu la fundi huyo lina thamani kuliko tangazo.

Mota za kawaida hutumia vipande vya kaboni vinavyokwisha, lakini kuvibadilisha ni kazi ndogo. Mota za inveta hazina kaboni, hazina kelele na hudumu, ila bodi yake ikiungua gharama huwa kubwa. Dhamana ya miaka 10 inayotangazwa kwa mashine hizo mara nyingi ni ya mota peke yake. Vingine vyote hupewa muda mfupi zaidi. Maelezo ya dhamana yasomwe hadi mstari wa mwisho.

Mashine iliyotumika

Mashine ya mtumba inaweza kuwa nafuu ya kweli, mradi ikaguliwe. Kibandiko cha nyuma kioneshe volti 220 hadi 240 na mizunguko 50. Zilizotengenezwa kwa matumizi ya Japani ni za volti 100, na za Marekani ni za volti 120, nazo hazifai kuchomekwa moja kwa moja hapa. Pipa lizungushwe kwa mkono: mngurumo ni dalili ya beringi kuchoka. Kisha liinuliwe na kushushwa. Likicheza mno, ugonjwa ni huo huo. Mpira wa mlango uchunguzwe kama una mpasuko. Mwisho, mashine iwashwe, ivute maji, ifue na kukamua mbele ya mnunuzi.

Siku ya kwanza na siku zote

Mashine mpya huja na boliti za safari nyuma yake, zinazoshikilia pipa lisigonge njiani. Zisipotolewa kabla ya kuwashwa, mashine huruka na kuvunjika siku ile ile. Sabuni iwe ya mashine, isiyotoa povu jingi; povu la sabuni ya kufulia kwa mikono huziba na kuvuja. Vitenge na batiki mpya vifuliwe peke yake kwa maji baridi. Baada ya kufua, mpira wa mlango ufutwe na mlango uachwe wazi ili usiote ukungu, na chujio lisafishwe kila mwezi. Maji machafu yaelekezwe kwenye shimo la kunyonya, si barabarani wala kwa jirani. Afisa afya wa kata hutoa ushauri kuhusu jambo hili.

Risiti na haki ya mnunuzi

Risiti ya EFD idaiwe na kutunzwa pamoja na kadi ya dhamana, kwani bila hizo madai huwa magumu. Mnunuzi aliyeuziwa bidhaa bandia anaweza kufikisha malalamiko yake Tume ya Ushindani, na masuala ya ubora hupelekwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS.

Kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu vinavyokusudia kuomba mkopo wa asilimia 10 wa Halmashauri kwa biashara ya udobi, vipimo hivi ni vya lazima zaidi. Mkopo hauna riba, lakini marejesho hayasubiri fundi. Andiko la mradi lioneshe gharama ya maji, umeme na matengenezo, na si bei ya mashine pekee. Afisa maendeleo ya jamii wa kata yupo kusaidia kuandaa hesabu hizo.

Maswali ya kujipima kabla ya kununua

1. Je, maji ya tangi yako mita ngapi juu ya mahali mashine itakapowekwa?
2. Je, soketi ina waya wa ardhi uliokaguliwa?
3. Je, kaya hutumia uniti ngapi kwa mwezi, na mashine itaongeza ngapi?
4. Je, ni fundi gani wa karibu atakayeitengeneza, na vipuri vinapatikana wapi?
5. Je, dhamana inahusu viungo gani na kwa muda gani?

Mkazi mwenye majibu ya maswali haya matano anaweza kwenda dukani. Aliyekosa hata moja, fedha yake na ikae kwanza.