Viatu vya swedi: usafi, twahara na afya ya miguu

Msimu wa masika huja na malalamiko mawili kutoka kwa ndugu zetu wanaovaa viatu vya swedi. La kwanza ni kiatu kuharibiwa na tope. La pili, ambalo wengi hulisema kwa kunong'ona, ni muwasho na harufu katikati ya vidole. Mara nyingi yote mawili yanatoka katika kiatu kilekile.

Swedi ni ngozi halisi, aghlabu ya mbuzi, kondoo au ng'ombe, iliyosuguliwa upande wake wa ndani mpaka ikatoa vinyweleo laini kama mahameli. Haina ule uso wa kung'aa unaozuia maji, hivyo hunywa kila kitu: maji, mafuta hata jasho. Ndiyo maana watu wameshika neno moja tu, kwamba swedi haioshwi. Hapo ndipo tunapokosea.

Uchafu si wote sawa. Vumbi na tope ni uchafu, lakini asili yake ni twahara. Tope usilifute likiwa bichi kwani litazama ndani. Liache likauke, kisha lipige brashi laini (mswaki wa zamani unatosha) kwa kufuata upande mmoja. Alama nyeusi isugue kwa ufutio wa penseli. Ukidondokewa na mafuta ya pilau kwenye walima, nyunyiza poda ya mtoto, ilaze usiku kucha, asubuhi piga brashi. Dawa ya viatu ya kopo usiiguse, inagandisha vinyweleo.

Mkojo au kinyesi ni jambo jingine, hiyo ni najisi. Wako wanazuoni wanaoona kiatu hutwaharika kwa kusuguliwa ardhini, lakini katika madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo wengi wetu Afrika Mashariki tunayafuata, hapana budi maji. Basi ondoa najisi yenyewe kwanza, kisha mimina maji safi mpaka rangi na harufu viondoke. Ili kisibaki na baraka, lowesha kiatu chote sawasawa, kikamue kwa taulo kuukuu, kijaze karatasi na kiweke kivulini penye upepo siku moja au mbili. Kinachoua swedi zaidi ni jua kali na moto wa jiko. Karatasi hizo zisiwe za gazeti hili, tafadhali, kwani lina majina ya Allah na aya zake. Tumieni karatasi nyeupe, na wino pia hautawachafulia kiatu.

Mnunuapo, hasa mitumba, tazameni na bitana ya ndani. Viatu vingine vimetiwa ngozi ya nguruwe, ambayo kwa Imamu Shafii haitwahariki hata ikitengenezwa kiwandani. Dalili yake ni vitundu vya vinyweleo vilivyokaa vitatuvitatu kama pembetatu.

Sasa tuje kwenye mguu. Mtu anatawadha, anaswali, kisha anatumbukiza mguu wenye majimaji ndani ya soksi na kiatu kilichofungwa mpaka jioni. Joto na unyevu ndivyo fangasi anavyovipenda. Huanzia mara nyingi kati ya kidole kidogo na kinachokifuata: ngozi inakuwa nyeupe kama iliyolowekwa, inabanduka, inawasha, kisha inapasuka. Tunaposugua katikati ya vidole kwa kidole kidogo wakati wa udhu tunasafisha vizuri sana, lakini tukaushe palepale kabla ya kuvaa. Aliye na haja kama hii hana ubaya kujifuta. Beba kitambaa chako mwenyewe, usichangie taulo la msikitini.

Kiatu kimoja kisivaliwe siku mbili mfululizo, kwani ndani hakijakauka. Soksi zibadilishwe kila siku. Aliyekwisha pata fangasi atumie krimu ya klotrimazoli mara mbili kwa siku, kwa kawaida wiki nne, wala asiache kwa sababu muwasho umetulia siku ya tano. Na zile krimu za kuzuia muwasho zenye betamethasoni pekee, ambazo watu huuziana kiholela, zinamlisha fangasi badala ya kumwua.

Ninaowaogopea zaidi ni wazee wetu wenye kisukari. Miguu yao hupoteza hisia, hivyo ufa mdogo katikati ya vidole hawausikii, na bakteria huingia hapohapo. Nimepokea mguu uliovimba hadi ugokoni, na mwenyewe akasema tatizo ni kiatu kubana. Kina mama na vijana mlio na mzee wa namna hii nyumbani, mtazameni miguu kila usiku kwenye mwanga, mkitanua vidole kimoja kimoja. Mkiona ngozi imepasuka, mpelekeni kituo cha afya kesho yake. Mkiona uvimbe, wekundu unaopanda, usaha au homa, mpelekeni usiku huohuo.