Moyo wa Mkimbiaji Aliyechoka

Swali: Bwana Mhariri, nakimbia katika njia ya Kisangani. Baada ya siku nne za mbio kali, mapigo yangu ya alfajiri hupanda toka 52 hadi 60, lakini nikikaza mwendo hayafiki 170 kama ada. Je, ni maradhi?
Mkimbiaji, Bengamisa

Jibu: Ndugu yangu, mambo hayo mawili, ijapokuwa yaonekana kupingana, asili yake aghalabu ni moja, nayo ni uchovu uliolimbikizana. Kitandani, mishipa ya fahamu ihimizayo moyo haijatulia bado, na jasho, ambalo katika hewa nzito ya msituni halikauki bali hudondoka tu, limepunguza maji ya damu, hata moyo ukalazimika kupiga upesi zaidi. Ama njiani, moyo uliochoka hauitikii kwa wepesi himizo la adrenalini, wala miguu mizito haidai damu nyingi.

Pumzika siku mbili tatu, ule, unywe, ulale. Hata Eliud Kipchoge, aliyemaliza masafa ya marathoni mjini Vienna mwaka 2019 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, hukimbia siku nyingi polepole mno (subira ambayo mimi, nakiri, sikujaaliwa).

Ili ujue kama uchovu umekwisha, kila alfajiri kabla hujainuka, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa kidole gumba, uhesabu mapigo kwa dakika nzima. Lakini malaria nayo hupandisha mapigo. Ukisikia homa, kizunguzungu au maumivu ya kifua, usikimbie, nenda kwa mganga wa hospitali siku hiyo hiyo.