Usiiwashe Kwanza: Jinsi ya Kupokea Kompyuta Kuukuu Kutoka Stoo

Kompyuta iliyokaa stoo miaka kumi na mitano haina haraka yoyote. Mwenye haraka ni aliyeipata. Akishapangusa vumbi la juu tu, anaanza kutafuta soketi, na hapo ndipo mashine nyingi za zamani hufia: zimestahimili miaka yote ya kuachwa, kisha zinaungua sekunde ile ya kurudishiwa umeme. Ukipata moja, iwe ya mezani au ya gemu, isome kwanza. Kuiwasha ni kazi ya mwisho.

Hapa Mweiga, Nyeri, hazikosekani. Zipo katika stoo za shule nyuma ya madawati yaliyovunjika, zipo katika ofisi za viwanda vya kahawa ambako karani aliingiza kilo za wakulima, zipo kwa waliofungua saiba kisha wakashindwa na simu. Nyingi ziliingia nchini zikiwa mitumba ya ofisi za Ulaya. Shirika la Computers for Schools Kenya, lililoanzishwa mwaka 2002, lilikarabati mashine za namna hiyo na kuzigawa shuleni, kwa hiyo mwalimu anayetaka kufundisha historia ya kompyuta aanze na stoo yake mwenyewe kabla ya kupanda matatu kwenda kununua Nairobi.

Kabla ya kushika bisibisi, uliza. Nani aliitumia, kwa kazi gani, iliacha kutumika lini na kwa nini? Mashine iliyowekwa kando kwa sababu mpya imekuja ina matumaini makubwa. Iliyozima yenyewe katikati ya kazi, au siku ya radi, inataka fundi. Majibu yaandike kwenye karatasi na uibandike ubavuni, maana mzee aliyekuwa karani mwaka 1996 anakumbuka mambo ambayo hayamo ndani ya boksi lile. Kama ilikuwa ya chama cha ushirika, omba ruhusa ya kamati kwa maandishi. Majina ya wakulima na malipo yao ni habari za watu, na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019.

Kisha geuza mgongo wa mashine utazame pale waya wa umeme unapoingia. Kompyuta nyingi za zamani zina swichi ndogo nyekundu yenye namba mbili, 115 na 230. Umeme wetu ni volti 240, kwa hiyo swichi lazima isome 230. Iliyotoka Marekani huja ikisoma 115, na ukiichomeka hivyo utasikia mlipuko kabla hujaona chochote kwenye skrini. Konsoli za gemu kwa kawaida hazina swichi ya kubadilisha: ya Japani inataka volti 100, ya Marekani 120, na dawa yake ni transfoma ya kushusha umeme.

Jambo linalofuata ni la watu wa huku kwetu. Mweiga imekaa kati ya Aberdare na Mlima Kenya, na Julai ukungu haukuachi mpaka saa nne. Chuma kilicholala katika stoo ya baridi, ukikiingiza ghafla kwenye chumba chenye jiko, hushika umande ndani kwa ndani usikouona. Iache kompyuta ndani ya boksi lake au imefunikwa blanketi usiku kucha ndipo uifungue. Januari na Februari tatizo hugeuka: hewa imekauka, vumbi la Kieni limeingia kila mahali, na sweta ya sufi uliyovaa asubuhi inazalisha umemetuli wa kutosha kuua chipu bila wewe kuhisi kitu. Vua sweta. Gusa chuma kitupu cha fremu kila unaporudi kwenye kazi.

Ukishafungua, usivutiwe na chochote kabla ya kuangalia betri. Katika mbao za mashine zenye prosesa za 386 na 486 kuna pipa dogo, mara nyingi la buluu, lililochomelewa kabisa. Hiyo ni betri ya nikeli na kadimiamu, na kazi yake ilikuwa kutunza saa na kumbukumbu ya mipangilio. Ikizeeka huvuja, na majimaji yake hula njia za shaba. Ukiona ukungu wa kijani au ubuluu, ikate leo, hata kama hutaigusa mashine hiyo tena mwaka mzima. Paka siki kidogo kwa mswaki uliochakaa ili kuua ile alkali, suuza kwa spiriti, acha ikauke. Kuhusu spiriti, ile ya majeraha inayouzwa duka la dawa wakati mwingine huwa na mafuta ndani yake, na mafuta huacha utando. Ulizia isopropili tupu. Mashine za baadaye zina betri bapa ya CR2032, ambayo huchomolewa kwa kidole na haina fujo.

Halafu tazama kapasita, vile vipipa vilivyosimama karibu na prosesa. Kichwa chake kinapaswa kuwa bapa. Kilichovimba au chenye gundi ya kahawia juu kimekufa. Ugonjwa huo ulienea sana kwenye mbao zilizotengenezwa kati ya 1999 na 2007 hivi, kwa sababu ya kemikali mbovu iliyotiwa ndani, na ndiyo maana Pentium 4 nyingi ziliondoka mapema kuliko 486 zilizozitangulia. Fundi wa redio yeyote mwenye mkono mtulivu anaweza kuzibadilisha. Pawa saplai yenyewe usiifungue, maana hubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomolewa.

Sasa fika kwenye prosesa, ambako mimi hukaa muda mrefu kuliko inavyohitajika. Kama kipoza joto kimeshikana nayo, usikivute kwa nguvu. Pentium 4 ya soketi 478 ina tabia ya kung'oka pamoja na kipoza ilhali mlango wa soketi umefungwa, na pini zake zinapinda. Kipashe moto kwa draya ya saluni dakika chache, kizungushe kidogo kushoto na kulia, kisha ukiinue. Pini iliyopinda hunyooshwa kwa ncha tupu ya penseli ya kubonyeza, iliyotolewa risasi.

Futa krimu ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa usome maandishi. Kosa la kawaida ni kuchukua miaka iliyo karibu na alama ya hakimiliki ukadhani ndiyo mwaka wa kutengenezwa. 486 inaweza kuandikwa '89 na '92 na bado ikawa ya 1994. Kwa Intel tafuta msimbo wa kundi, ule unaoanza kwa herufi au tarakimu ya kiwanda: tarakimu inayofuata ni ya mwisho ya mwaka, na mbili baada yake ni wiki. L424 kwenye 486 ni kiwanda cha Malaysia, mwaka 1994, wiki ya 24. Chipu nyingi za kampuni nyingine huandika tarakimu nne, mwaka na wiki, kwa hiyo 9423 ni wiki ya 23 ya 1994. Herufi nazo zina maneno: 486SX haikuwa na sehemu ya hesabu za desimali iliyowashwa, 486DX ilikuwa nayo, na DX2-66 ilikimbia ndani mara mbili ya kasi ya ubao wake.

Ukiwa na chipu tatu au nne za miaka tofauti, zipange mstari mmoja na uandike chini ya kila moja idadi ya transista. Intel 4004 ya 1971, ambayo huenda usiipate Nyeri, ilikuwa na 2,300. 8086 ya 1978 ilikuwa na 29,000. 386 ya 1985 ilifika 275,000, 486 ya 1989 ikavuka milioni moja, na Pentium ya 1993 ikafika milioni 3.1. Mwanafunzi akiona mstari huo mezani haelezwi zaidi. Na akiuliza vitu hivi hutengenezwa wapi, usimwambie Marekani na Taiwan tu. Kwenye barabara hii hii ya Nyeri, Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, kilichoanza 1972 kama taasisi ya ufundi, ndiko kampuni ya Semiconductor Technologies Limited ilikoweka kiwanda chake cha semikondakta. Walimu wanaweza kuandika barua kuomba ziara.

Swali jingine halikosi kuja: je, hii ingeshindana na kompyuta kuu? Jibu kwa uangalifu. Cray-1, iliyofikishwa maabara ya Los Alamos mwaka 1976, ilikuwa na mapigo milioni 80 kwa sekunde na kumbukumbu ya megabaiti 8, na uzito wake ulipimwa kwa tani. Pentium III ilitoka 1999 na mapigo milioni 450. Lakini mapigo peke yake hudanganya. Seymour Cray aliijenga mashine yake ishughulikie safu nzima za namba kwa mkupuo, na ndiyo maana ilifika hadi hesabu milioni 160 kwa sekunde kwa mapigo yale machache. Tena mambo ya mitumba hayaishii kwenye Pentium. Ranger, kompyuta kuu ya Chuo Kikuu cha Texas iliyoanza kazi 2008, ilipostaafishwa 2013 ilivunjwa vipande, na baadhi ya makabati yake yakaletwa Afrika Kusini, Botswana na Tanzania kufundishia. Tanzania ile ile ambayo mwaka 1974 ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini!

Za gemu zina taratibu zake. Gemu za TV zilizouzwa kwetu miaka ya 90 nyingi zilikuwa nakala za Famicom, ambayo Nintendo iliitoa Japani Julai 1983. Kaseti ilidai ina gemu 9,999 ndani. Ukihesabu ni chache zinazojirudia kwa majina mapya. Moyo wake ni jamaa ya 6502, prosesa ambayo Chuck Peddle na wenzake wa MOS Technology waliiuza dola 25 mwaka 1975 wakati za washindani ziliuzwa zaidi ya dola 100. Kwa bei hiyo iliingia Apple I na Apple II, na ndugu yake 6507 akaingia Atari 2600 mwaka 1977. Fungua nakala yako. Ukikuta chipu mbili ndefu zenye miguu 40 kila moja, umepata ya zamani inayostahili kutunzwa na inayotengenezeka. Ukikuta tone jeusi la lami tu, kila kitu kimo humo, na likifa hakuna fundi.

Kaseti isipotambulika, usiipulize kwa mdomo. Mate hutia kutu kwenye vidole vya shaba. Tumia pamba ya masikio na isopropili. Adapta nayo isome alama yake: nakala nyingi hutaka volti 9 na hasi ikiwa katikati ya plagi, wakati adapta nyingi za redio na modemu ni chanya katikati. Ukikosea, mashine imekwenda. Na kama una bunduki ya gemu ya kulengea bata, tafuta TV ya kioo kinene, maana bunduki hiyo husoma mwanga wa kioo cha aina hiyo tu na haioni kitu kwenye skrini bapa. Watu walizitupa TV hizo kwa wingi baada ya kuhamia dijitali 2015. Okoa moja, lakini kifuniko chake cha nyuma usikiguse; kuna maelfu ya volti mle.

Umefika kwenye kuwasha. Chomoa diski kuu kwanza, ili kama kuna balaa lisiifikie. Mwombe fundi wa redio akuunganishie balbu ya waya ya wati 100 mfululizo na soketi. Mashine nzima huifanya balbu imulike kidogo kisha ififie, na yenye shoti huifanya iwake kwa nguvu bila kupungua. Ikiwaka mashine ikapiga milio mirefu inayojirudia, mara nyingi ni RAM: ichomoe, sugua vidole vyake kwa raba ya penseli, irudishe. Ikilalamika kuhusu tarehe, ni betri uliyoitoa. Bonyeza F1 uendelee. 486 inaweza kukuuliza idadi ya silinda na vichwa vya diski. Jibu limeandikwa kwenye lebo ya diski yenyewe.

Diski usiitumie, inakili. Kwa adapta ya IDE kwenda USB hamisha kila kitu kwenye laptopu, weka nakala mahali pawili, ndipo uchunguze. Hesabu za Lotus 1-2-3 na barua za WordPerfect hufunguka kwenye LibreOffice, ambayo ni ya bure.

Kuhusu dhahabu: ndiyo, ipo kwenye pini, hasa za chipu za kauri kama 386, 486 na Pentium Pro, lakini ni sehemu ndogo ya gramu, na anayeitafuta kwa asidi nyuma ya nyumba anavuta sumu bure. Wala usichome nyaya. Kilichokufa kabisa kipeleke kwa wanaochakata taka za kielektroniki, kama WEEE Centre ya Nairobi, na vioo vya TV vivyo hivyo kwa sababu vina risasi.

Zilizosalia zipatie kabati lenye mlango wa kioo maktabani, mbali na jiko na dirisha la jua. Kila mashine iwe na kadi: aina ya prosesa, wiki na mwaka wake, ilikofanya kazi, mwaka ilipozimwa, na kazi iliyofanya. Kwa mfano, 486DX2-66, wiki ya 24 ya 1994, ofisi ya kiwanda cha kahawa, malipo ya wakulima. Jina la karani liwekwe kwa idhini yake. Andika kwa penseli, kwani wino wa kalamu hupauka kwa mwanga.