Makaratasi ya Profesa Vansina na maneno ya wazee wetu



Katika somo la historia kuko swali moja ambalo linarudi kila mwaka kutoka viti vya nyuma: watu wasioandika wako na historia gani? Wengine wanajibu mbio kwamba historia ya Kongo inaanza siku Stanley aliposhuka na mto mpaka Boma, mwaka wa 1877, juu yeye aliandika. Sisi wafinalisti tulibishana sana juu ya neno hili, jioni nyingi kule bwenini. Tumeona vema tuwaeleze habari za profesa mmoja aliyelijibu kwa makaratasi yake.

Jina lake ni Jan Vansina. Alizaliwa Antwerpen, Ubelgiji, mwaka wa 1929, akafa Madison, Marekani, mwezi wa pili 2017. Katika chuo kikuu cha Leuven alisomea historia ya Ulaya ya zamani, ile ya maandishi ya Kilatini. Mwaka wa 1953 alikuwa Kasai, katika ufalme wa Wakuba, akitumikia IRSAC. Hii IRSAC ilikuwa taasisi ya uchunguzi, na makao yake makubwa yalikuwa huku kwetu Kivu, pale Lwiro. Wengi wetu tumepita mbele ya yale majumba.

Kwa Wakuba alisikia nyimbo fupi za zamani, hadithi za ukoo, na majina ya wafalme, ambao wanaitwa nyimi, mmoja nyuma ya mwingine. Vansina akakumbuka zile nyimbo za maombolezo za Kilatini alizochunguza Leuven. Akajiuliza: kama zile za Ulaya tunazipokea kama ushahidi, hizi za Kasai zinakosa nini? Watu wakubwa wa siku zile walicheka neno kama hili. Yeye akajifunza Kibushong, lugha ya wenyeji, akafungua kaye.

Hapa tusimame kidogo, juu kazi yenyewe ndiyo fundisho. Mtu mvivu angemsikiliza mzee saa mbili, kisha angeandika mistari kumi kwa Kifaransa: "Wazee wanasema hivi." Karatasi ya namna ile haina nguvu. Wazee gani? Wa kijiji gani? Walisikia kwa nani? Vansina alifundisha kwamba maneno yaandikwe vile yalivyotoka kinywani, katika lugha yake, kisha ndipo yatafsiriwe. Tujue msemaji ni nani, kazi yake ni gani, na njia ambayo neno lilipita, toka kwa babu hadi kwa baba hadi kwake. Tena kama wazee watatu wanasimulia habari moja kwa namna tatu, tuandike zote tatu. Tusizishone pamoja kama viraka. Pale wanapotofautiana ndipo mara nyingi kuko siri, juu kila mmoja ana ukoo wake na shamba lake la kutetea. (Mtasema: basi mzee anaweza kudanganya! Ndiyo. Na barua ya administrateur wa koloni nayo inaweza kudanganya, lakini hakuna anayeitupa.)

Mfano mmoja ulitufurahisha sana. Wakuba walisimulia kwamba siku za mfalme mmoja wa zamani jua liliingia giza mchana. Wenye elimu ya nyota wanaweza kuhesabu kurudi nyuma siku za jambo kama lile. Hesabu ilileta tarehe 30 Machi 1680. Neno lililotunzwa kwa kinywa tu, karibu miaka mia tatu, likapata siku na mwezi.

Toka 1957 mpaka 1960 Vansina alikuwa Rwanda, kwenye kituo cha IRSAC pale Astrida, ambayo nyuma iliitwa Butare. Pamoja na wasaidizi Wanyarwanda aliandika masimulizi mengi sana yanayoitwa ibitekerezo, ya wasimulizi wa barazani mwa mfalme na ya watu wa vilimani pia. Kisha akaenda kufundisha katika chuo kikuu cha Wisconsin, Madison. Mwaka wa 1961 alitoa kitabu chake juu ya masimulizi ya mdomo, ambacho kilisomwa karibu kila mahali wanapofundisha historia ya Afrika.

Lakini makaratasi hayakulala. Mwaka wa 1973 yale masimulizi ya Rwanda yalitolewa kwa mikrofilmu huko Chicago, na hivi mtu mwingine anaweza kuyasoma na kumkosoa profesa mwenyewe. Naye alijikosoa. Mwaka wa 1978 aliandika tena historia ya Wakuba, na safari ndefu za mababu ambazo mbele alizipokea kama safari za kweli, sasa aliziona zaidi kama namna ya watu kueleza ulimwengu wao. Na mwaka wa 2001, zaidi ya miaka makumi ine nyuma ya kuandika yale ya Rwanda, alitoa kitabu juu ya ufalme wa Nyiginya. Alisema kwamba ufalme ule ulianza katika karne ya 17, wakati padri Alexis Kagame aliuweka nyuma karne nyingi. Wako wanahistoria wanaobishana naye mpaka leo. Ni vizuri, juu wote wako na karatasi ya kubishania. Kama Vansina angeandika ile mistari kumi tu, nani angeweza kubishana?

Tuwaze pia 1994 kule Rwanda, na vita vya huku kwetu tangu 1996. Watu wangapi waliokuwa na maneno haya kichwani walikufa? Na kaye ngapi ziliungua pamoja na nyumba? Maneno yale ambayo nakala yake ilikuwa mbali ndiyo yangali yanasomwa.

Kwa hiyo, mbele ya vakansi kubwa, tunaomba hivi. Kila mwanafunzi wa humanités amsikilize mzee mmoja: babu, nyanya, mama mkubwa, mzee wa kijiji. Umwombe ruhusa kwanza, kwa heshima, wala usimkatize. Andika kwa lugha yake, Kishi, Kihavu, Kilega, Kifuliiru au nyingine, kisha tafsiri ya Kiswahili ngambo ingine ya ukurasa. Juu weka jina lake kama amekubali, kijiji, tarehe, na alisikia kwa nani. Pale usipoelewa, usijaze kwa akili yako: acha nafasi wazi. Andika mara mbili. Kaye moja itabaki nyumbani kwa mzee mwenyewe, ya pili mtuletee wiki ya kwanza ya mwaka mpya wa masomo, katika biro ya mwalimu wa historia.