Dondoo muhimu: Wah isiyokanyagwa

Mpiga gitaa wa Maskati anayetaka ule mlio wa puani wa pedali ya wah bila kupandisha na kushusha mguu hahitaji pedali nzima. Sakiti ni ileile iliyobuniwa katika kampuni ya Thomas Organ, Marekani, mwaka 1966. Kinachobadilika ni kwamba unazungusha potenshiomita kwa mkono, kisha unaacha.

Koili kwanza. Ya milihenri 500 ndiyo roho ya mlio, na ndiyo inayosumbua kupatikana. Ulizia maduka ya elektroniki ya Ruwi, ukikosa, agiza. Ikiungana na kapasita ya nanofaradi 10 huvuma karibu na hezi 2,250. Transista ndizo huushusha mvumo huo hadi mamia machache ya hezi, kadiri unavyozungusha potenshiomita ya kilo-omu 100. Ukipata mlio unaoupenda unaweza kupima na kufunga rizista mbili mahali pake. Mimi ningeiacha potenshiomita: nyimbo hazifanani.

Umeme wa Oman ni volti 240, hezi 50, na koili hunasa mngurumo wa transfoma, kwa hiyo zitenganishe. Jaribu kwa betri ya volti 9 kabla ya adapta. Adapta nyingi za pedali zina hasi katikati. Thibitisha kwa mita. Boksi liwe la alumini, limeunganishwa na ardhi ya sakiti.

Na wapiga udi wenye pikapu ya piezo: tangulizeni bafa, la sivyo besi itapotea.