Mzigo wa Mwenzio

Kanisa latufundisha kutafuta manufaa ya wote. Twayatamka maneno hayo kwa wepesi, bali uzito wake huonekana siku usalama wa wengi unapodai nyumba za wachache.

Katika jimbo la Louisiana, kusini mwa Marekani, wanaishi Wakajuni. Wazee wao wa kale walikuwa Wakatoliki wa asili ya Kifaransa, wenyeji wa Acadia, nchi ambayo leo ni sehemu ya Kanada. Kuanzia mwaka 1755 Waingereza waliwafukuza. Baada ya kutangatanga, wengi walipata makao mapya Louisiana, kati ya mito na vinamasi, wakaishika imani yao.

Mwaka 1927 mto Mississippi ulifurika, ukawaacha watu zaidi ya 600,000 bila makao. Ndipo serikali ikatengeneza njia za kupunguzia maji. Mojawapo ni ile ya Morganza, iliyokamilika mwaka 1954. Ina milango 125. Ikifunguliwa, maji ya Mississippi huelekea bonde la mto Atchafalaya, penye makazi ya Wakajuni.

Mwezi wa Mei 2011 miji ya Baton Rouge na New Orleans ilikuwa mashakani. Tarehe 14 wahandisi wa Jeshi la Marekani walianza kuifungua milango hiyo, mara ya kwanza tangu mwaka 1973. Katika kijiji cha Butte La Rose watu walipakia vyombo vyao, wakajaza magunia mchanga, wakangoja. Maji yalipofika yalikuwa pungufu kuliko yalivyotazamiwa. Sehemu kubwa ya kijiji ilisalimika, lakini bondeni mashamba yalizama.

Je, ilikuwa haki? Kuokoa maisha ya wengi ni haki, ila haki hiyo ina masharti. Atakayepata hasara aambiwe kweli mapema. Asaidiwe kuondoka, asaidiwe na kurudi. Naye aliyeokoka alikumbuke deni lake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulieleza kwamba manufaa ya wote ni yale yanayowawezesha watu, jumuiya zao na kila mmoja wao, kuufikia ukamilifu wao. Basi wachache nao wamo katika hao “wote”.

Wazazi wapendwa, jambo hili si la ng'ambo tu. Fedha zikipungua nyumbani, huenda binti akaachishwa masomo ili kaka zake walipiwe karo. Bibi akiugua, mmoja hubaki kumwuguza miaka mingi, wengine wakaenda zao mjini. Huyo ndiye aliyefunguliwa milango ya maji ili wengine wakae pakavu. Je, aliulizwa? Je, alishukuriwa? Je, amelipwa cho chote?

Wahenga walisema: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mkristo haoni hivyo. Hutazama nani ameinama, akautia bega lake mzigo ule. Kila familia na ifanye hesabu hiyo, kabla mwaka haujaisha.