Kalori 2,000 ni za nani? Tafuta hesabu yako mwenyewe

Pakiti nyingi za biskuti na nafaka zinazoagizwa kutoka nje na kuuzwa madukani Kigali zina jedwali dogo linalotaja kalori 2,000 kwa siku. Namba hiyo ilizaliwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990, mamlaka ya chakula na dawa ya huko ilipokuwa ikitayarisha lebo mpya za vyakula. Pendekezo la kwanza lilikuwa 2,350. Likashushwa hadi 2,000, kwa kuwa ni namba nyepesi kutumia na ilihofiwa kubwa zaidi ingewashawishi watu kula kupita kiasi. Kazi yake ni kumsaidia mnunuzi kulinganisha pakiti na pakiti. Haikuwekwa iwe agizo la daktari kwa mtu yeyote, sembuse kwa kibarua wa ujenzi Kicukiro au mama anayeshinda kwenye cherehani Biryogo.

Hesabu yako unaweza kuipata kwa mizani, kalamu na dakika chache. Wataalamu wa FAO na WHO waliokutana Roma mwaka 2001 walitumia kanuni zinazoanza na uzito, nami nimezirahisisha kidogo ili zishikike. Mwanamume wa miaka 18 hadi 30 azidishe kilo zake kwa 15, kisha ajumlishe 690. Wa miaka 30 hadi 60 azidishe kwa 11.5, ajumlishe 870. Mwanamke wa miaka 18 hadi 30 azidishe kwa 14.8, ajumlishe 490. Wa 30 hadi 60 azidishe kwa 8.1, ajumlishe 845. Jibu ni kalori ambazo mwili hutumia hata ukilala kutwa: moyo kupiga, mapafu kuvuta hewa, damu kubaki na joto.

Sasa zidisha jibu hilo kwa kazi yako. Anayekaa muda mwingi wa siku atumie 1.4 hadi 1.6. Anayesimama, kutembea na kubeba mizigo kiasi, kama muuza ndizi wa Kimironko au mtu anayepanda kwa miguu kila siku kutoka Nyabugogo hadi mjini, atumie 1.7 hadi 1.9. Anayechimba msingi au kubeba matofali kutwa atumie 2 au zaidi kidogo.

Tazama namba zinavyoachana. Tuseme ndugu wawili, kila mmoja ana miaka 28 na kilo 62. Wote wanaanza na 1,620. Wa kwanza ni kibarua wa ujenzi: mara 2.1, anahitaji karibu kalori 3,400. Wa pili ni motari, dereva wa pikipiki ya abiria: mara 1.55, anahitaji karibu 2,500. Jioni wote wamechoka hoi, na uchovu wa motari ni wa kweli: jua, vumbi, macho yasiyotulia barabarani. Lakini alikuwa amekaa, na misuli yake haikuchoma kama ya ndugu yake. Wakipakuliwa sawasawa, mmoja atakonda au mwingine atanenepa. Dada yao wa miaka 35 mwenye kilo 58, mshonaji, anahitaji karibu 1,970. Huyo ndiye aliyekaribiana na pakiti, kwa bahati tu.

Kizidisho cha kazi ni wastani wa siku zako zote. Kukimbia siku ya Car Free Day, barabara za Kigali zinapofungiwa magari Jumapili mbili kwa mwezi, kuna faida kwa moyo na shinikizo la damu, lakini hakumgeuzi karani kuwa mchimbaji. Tena mwili una ujanja wake. Mwaka 2012 Herman Pontzer na wenzake walichapisha vipimo vya Wahadzabe wa kaskazini mwa Tanzania, watu wanaowinda na kuchimba mizizi na kutembea sana kila siku. Kalori walizotumia kwa siku, ukizingatia udogo wa miili yao, hazikupishana sana na za watu wa Marekani na Ulaya. Kwa hiyo chukua jibu la kanuni kama makisio ya kuanzia, kisha uache mizani ihukumu.

Jipime mara moja kwa wiki, asubuhi baada ya kutoka msalani na kabla ya chai, na uandike. Usishtuke kwa wiki moja, angalia nne. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kalori 7,700, hivyo anayeongezeka kilo kwa mwezi anazidisha karibu 250 kwa siku. Anayepungua bila kutaka anapungukiwa kiasi hichohicho.

Hizo 250 ziko wapi? Mimi ningeanza na chupa ya mafuta ya kupikia, kwa sababu kijiko kimoja cha chakula kina kalori 120 na hakuna anayeviona vijiko vikiingia sufuriani. Andika tarehe juu ya chupa siku unapoifungua. Lita moja ina takriban kalori 8,000. Familia ya watu watano ikiimaliza kwa siku nne, kila mtu amekunywa kalori 400 kwa siku kabla hujahesabu wali wala maharage. Kwa kibarua, mafuta hayo ni nguvu anayoihitaji. Kwa mshonaji ni mengi mno. Pikeni maharage kwa mafuta machache, na mwenye kazi nzito aongezewe parachichi sahanini.

Kwenye mgahawa wa mélange, yaani bafe, mtego ni wanga juu ya wanga: wali, chipsi, ndizi, mihogo na tambi kwenye sahani moja. Wenye kazi ya kukaa wachague aina mbili tu, nafasi iliyobaki waijaze maharage na dodo (mchicha). Gramu 100 za viazi vya kuchemsha zina kalori zisizofika 90. Chipsi za uzito huo huo hukaribia 300. Na bia kubwa ya Primus ya sentilita 72 ina takriban 300 pia, nayo haishibishi.

Watoto, wenye kisukari na wanaotumia dawa za kifua kikuu au virusi vya UKIMWI wasitumie kanuni hizi peke yao. Waende kituo cha afya. Mjamzito katika miezi mitatu ya mwisho huhitaji kalori 475 zaidi kwa siku. Anayenyonyesha katika miezi sita ya kwanza huhitaji karibu 500 zaidi, na kama alijifungua akiwa amekonda, 675. Hizo 500 ni kama gramu 200 za maharage yaliyopikwa na viazi vitamu gramu 300. Kama nyumbani kwenu yuko mama anayenyonyesha, mpakulieni yeye kwanza.